Somo la Msituni kwa Kijiji Kizima

Jumamosi moja darasa letu la kisomo lilikwenda msituni. Msitu huo uko nje ya kijiji kimoja cha Sengerema. Hauko mbali. Kwa njia ya mkato ni hatua 1,200 kutoka shuleni. Tulikuwa tumesoma majina ya miti ubaoni. Sasa tulitaka kuiona miti yenyewe. Afisa misitu, ambaye watu wengi bado humwita bwana misitu, alikuja kutusaidia.

Daftari la darasa lina majina 26. Asubuhi ile wanakisomo walioondoka shuleni walikuwa 19. Waliofika msituni walikuwa 11.

Safari ile niliipanga mimi. Nilichagua saa tatu asubuhi kwa sababu bwana misitu alikuwa na nafasi saa hiyo. Nilichagua njia ya mkato kwa sababu mimi huipita kila siku. Nilitembea mbele. Nilipogeuka nyuma, sikuwaona wengine. Nikafikiri wamechoka, au hawapendi somo. Tukaendelea.

Somo lenyewe lilikuwa zuri. Tuliona myombo, mninga na mkuyu. Bwana misitu alituonyesha kijito. Akasema miti ya pale imekatwa sana na chemchemi inapungua maji. Akashauri sehemu ile ifungwe, mtu yeyote asiingie. Sisi tuliokuwa pale tukakubali. Tuliporudi tukaandika barua kwa serikali ya kijiji: "Darasa la kisomo linakubali kijito kifungwe." Tulijivuna. Kwa wengi wa wanakisomo, hiyo ilikuwa barua yao ya kwanza.

Wiki tatu baadaye barua ilisomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mama mmoja akasimama. Yeye ni mwanakisomo wetu. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Hutembea kwa fimbo. Alikuwa mmoja wa wale nane waliorudi njiani. Akasema:

"Nimesikia darasa langu limekubali. Na mimi nimo katika darasa hilo. Sikuulizwa. Kuni zangu nazichukua pale kijitoni, kwa sababu ndipo mguu wangu unapofika. Mkipafunga, ninyi mtakwenda mlimani. Mimi nitakwenda wapi?"

Mkutano ulinyamaza. Mwenyekiti akanitazama mimi. Sikuwa na jibu. Shauri likaahirishwa.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Kama mnasoma darasani, mwulizane: Nani alikosa? Ni mama, ni bwana misitu, au ni mwalimu?

Kusoma nje ya darasa

Wazee wa Kanda ya Ziwa hawashangai kusikia habari za somo la nje. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 mikoa yetu ilikuwa na mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. UNESCO ilisaidia mpango huo. Vitabu vya kusomea vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mtu alisoma neno "pamba", kisha akaenda shambani kuitazama pamba yake. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1980 ilikuja nyingine, Misitu ni Mali.

Redio ilikuwa na uzuri mmoja. Iliwekwa chini ya mwembe, karibu na watu. Bibi kizee aliweza kuja na kigoda chake. Mama aliweza kusikiliza huku ananyonyesha. Msitu hauwezi kuletwa chini ya mwembe. Ni lazima watu waufuate. Na hapo ndipo wengine huachwa.

Wako wanaofikiri kwamba kujifunza habari za pori ni mpaka kwenda hifadhini. Ni kweli tuna hifadhi ndani ya ziwa letu. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Kisiwa cha Saanane, pale Mwanza, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni mahali pazuri. Lakini kote huko unahitaji boti na fedha. Msitu wa kijiji hauna kiingilio. Tena msitu wa kijiji ni wetu kuamua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutunza. Sheria ndogo hukubaliwa kwanza na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya. Katika mkutano huo kila mtu mzima wa kijiji ana sauti. Lakini mtu ambaye hajaufikia msitu atasema nini juu ya mipaka yake? Atasikiliza tu maneno ya waliofika.

Nyumba kwa nyumba

Baada ya mkutano ule nilichukua daftari. Mimi na kiongozi wa darasa tukaenda nyumba kwa nyumba. Tuliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukufika msituni?"

Hakuna hata mmoja aliyesema hapendi somo.

Akina mama walisema saa tatu ni saa ya shamba na maji. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akashindwa kuvuka mfereji. Wavuvi wawili wa dagaa walikuwa wamelala. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi mvuvi hana nguvu. Mama mwenye fimbo alisema mawe ya njia ya mkato yanateleza. Alituita tumngoje. Hatukusikia.

Mzee mmoja asiyeona huja darasani kusikiliza na kufanya hesabu za kichwa. Yeye alisema, "Mwalimu, ulisema twende tukaone miti. Nikajua sikuitwa mimi."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari langu. Bado yamo.

Nyumba moja ilikuwa ngumu kuliko zote. Ni nyumba ya binti wa miaka 20 mwenye ualbino. Yeye ni mwanakisomo hodari. Mama yake alituuliza, "Msituni? Na mwanangu?" Hakusema zaidi. Hatukuhitaji maelezo. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoanza kusikika miaka ya 2006 na 2007 yaliitikisa Kanda ya Ziwa yote. Mjini Sengerema kuna sanamu ya kumbukumbu yao. Baba amembeba mtoto mabegani, na mama anamvisha mtoto kofia pana ya kuzuia jua. Kila anayepita pale anaiona. Basi hatukumlazimisha mama yule. Tulimwuliza, "Mama, ungependa twende vipi?" Akafikiri, akasema, "Nitakuja naye mimi mwenyewe, pamoja na wajomba zake wawili."

Swali hilo, "Ungependa twende vipi?", tukaanza kulirudia katika kila nyumba. Ningelijua mapema!

Safari ya pili

Kwanza tulitafuta saa. Akina mama wakasema saa kumi alasiri siku ya Jumamosi. Shamba limekwisha, na wakati wa kurudi wataokota kuni zao njiani. Kwa hiyo somo halitawaongezea kazi. Saa kumi jua nalo limepungua ukali, jambo linalomfaa binti yetu. Wavuvi wakasema saa kumi ndiyo saa ya kutengeneza taa na nyavu, isipokuwa wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, na mvuvi hukaa nyumbani. Tukatazama kalenda. Tukachagua Jumamosi ya mbalamwezi. Faida nyingine ikajitokeza yenyewe: tukichelewa, mwezi utatuangazia njia.

Kisha tukatafuta njia. Njia ya mkokoteni inazunguka mashamba ya muhogo. Ni hatua 1,600. Ni ndefu kuliko ya mkato, lakini ni tambarare na haina mfereji. Vijana walitangulia siku moja kabla. Walifyeka upupu, kwa sababu unawasha vibaya sana. Walikata matawi ya miiba yaliyoning'inia usawa wa uso. Kila baada ya hatua 200 waliweka gogo la kukalia. Magogo yalikuwa saba. Vijana hawa ndio walionung'unika zaidi kwamba safari ya wazee itakwenda polepole. Baada ya kupewa kazi hiyo sikusikia tena manung'uniko.

Jirani mmoja alitoa mkokoteni na ng'ombe wawili. Wazee wanne walipanda. Mama mwenye fimbo hakutaka kupanda. Alisema njia ni nzuri, atatembea. Tukamwacha atembee, na sote tukafuata mwendo wake. Mimi nilitembea nyuma ya wote.

Kuna kosa moja nililifanya hata safari hii. Nilinunua kamba ya katani. Nilifikiri mzee asiyeona ataishika, na mtu wa mbele atamwongoza. Mzee aliipapasa kamba, akacheka. "Mwalimu, mimi si mbuzi." Akaweka mkono juu ya bega la mjukuu wake, kama anavyofanya kila siku. Kamba tuliitumia kufungia kuni.

Tulifika watu 23. Watatu hawakuja. Mmoja alikuwa amejifungua wiki ile. Mmoja alisafiri kwenda Mwanza. Wa tatu ni mzee aliyepooza upande mmoja. Hakupenda kupandishwa mkokotenini mbele ya watu. Nitamrudia.

Mikono, masikio na pua

Mara hii sikusema, "Tazameni." Nilimwomba mzee asiyeona aanze somo.

Tulimpeleka kwenye mti wa kwanza. Akaugusa kwa viganja vyote viwili. Gome lilikuwa limepasuka pasuka vipande vidogo. Akainama, akapapasa chini, akaokota tunda kavu. Lilikuwa duara kama kisahani. Katikati lilikuwa na miiba mingi kama brashi, na pembeni bawa jembamba.

"Huu ni mninga," akasema. "Ukiukata unatoa maji mekundu kama damu."

Tukafumba macho, tukapokezana tunda. Hakuna aliyelisahau. Katika safari ya kwanza niliwaonyesha watu 11 mninga kwa kidole. Wiki iliyofuata ni wanne tu walioweza kuutambua.

Tukatafuna jani la mkwaju. Ni chachu, kama tunda lake tunalotia katika uji. Tukasikiliza myombo. Wakati wa kiangazi maganda yake hukauka, yakapasuka kwa mlio na kurusha mbegu mbali. Mkuyu tuliujua kwa tini zake zilizoshikamana na shina, na kwa udongo uliokuwa na unyevu chini ya miguu yetu.

Fundi cherehani mmoja wa darasa letu hasikii. Dada yake humweleza kwa mikono. Nilijifunza kusimama mahali anapouona uso wangu, na kungoja mpaka dada yake amalize, ndipo niendelee. Fundi huyu alichukua kijiti akachora ramani ya msitu ardhini: njia, kijito, mkuyu, mwamba. Baadaye aliinakili katika karatasi kubwa. Binti mwenye ualbino aliketi kivulini, amevaa kofia pana na mikono mirefu, akaandika majina ya miti kwenye ramani kwa herufi kubwa. Macho yake hayaoni mbali, lakini mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Tuliwaonya watoto wasivunje mnyaa uliopandwa pembeni mwa mashamba. Maziwa yake yakiingia machoni huumiza sana. Yakiingia, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

Mzee aliketi juu ya gogo, akaanza kusimulia. Alipokuwa mtoto, baba yake alivuka na ng'ombe kutoka ng'ambo ya pili, upande ambao sasa umeunganishwa nasi na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Hiyo ilikuwa miaka ya mpango wa maendeleo ya Usukuma, mwaka 1947 hadi 1956. Serikali ya kikoloni ilitaka watu na mifugo wahamie upande wa Geita. Sengerema wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Geita. Pori lilikuwa na mbung'o. "Tulisifiwa kwa kufyeka," mzee akasema. "Aliyefyeka sana ndiye mwanamume. Hakuna aliyetuambia tubakize."

Halafu akaeleza habari za ngitili. Wasukuma wa tangu zamani walifunga sehemu ya malisho karibu na nyumba wakati wa masika. Nyasi na miti vilikua. Kiangazi kilipokuja, ngitili ilifunguliwa. Lakini haikufunguliwa kwa kundi zima. Ilikuwa ya ndama, ya ng'ombe wagonjwa na ya wale wasioweza kwenda mbali. Ng'ombe wenye nguvu walipelekwa mbali kutafuta malisho. Shinyanga waliifufua desturi hiyo kwa mradi wa Hifadhi Ardhi, HASHI, kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, na miti ikarudi mahali palipokuwa jangwa.

Mama mwenye fimbo alikuwa akisikiliza. Hakusema kitu.

Visiki

Tulipofika kijitoni, mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu. Anapajua kila hatua. Alituonyesha kuni anazookota. Ni matawi makavu yaliyoanguka. Akatueleza kuni ipi inawaka upesi, ipi ina moshi wa kuumiza macho, na ipi inaruka cheche. Kisha akatuita tutazame visiki.

"Pitisheni mkono juu yake," akasema.

Tukapitisha. Visiki vilikuwa laini na sawasawa, kama meza. Vimekatwa kwa msumeno. Mama akainua panga lake. Lilikuwa butu, na mpini wake umefungwa kwa mpira. Hakuhitaji kusema zaidi.

Tulihesabu visiki 14. Karibu navyo tulikuta majivu na udongo mwekundu wa tanuri la matofali. Bwana misitu alikuwa pamoja nasi. Alikiri kwamba mara ya kwanza hakuteremka mpaka pale. Tena akatuonyesha jambo jema: visiki vingi vilikuwa na machipukizi. Miti mingi ya miyombo ikikatwa huchipua tena shinani. Machipukizi yakiachwa bila kukatwa wala kuchomwa moto, msitu unaweza kurudi bila kupanda hata mche mmoja.

Wakati wa kurudi akina mama waliokota kuni. Mwezi ulikuwa umetoka.

Kesho yake tulimtembelea mzee aliyepooza. Tulimpelekea ungo wenye magome, majani na matunda, pamoja na ramani ya fundi. Aliyashika yote kwa mkono wake mzima, moja moja. Kisha akaweka kidole kwenye ramani, juu kidogo ya kijito. Akasema chemchemi ya kwanza ilikuwa hapo, siyo pale tulipochora. Ilifukiwa na udongo baada ya miti ya juu kukatwa. Bwana misitu alikwenda kupatazama. Udongo wa pale una unyevu hata kiangazi.

Mkutano wa pili

Ramani ilibandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji wiki nzima kabla ya mkutano. Mkutano ulikuwa na kelele. Wachoma matofali nao wana watoto wa kulisha, na walisema hivyo waziwazi. Mwishowe watu walikubaliana. Kukata mti mbichi kijitoni ni marufuku, na machipukizi yasiguswe. Kuni kavu za kuokota kwa mkono zinaruhusiwa Jumanne na Jumamosi. Wanaotangulia ni wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu. Mahali pa chemchemi ya zamani pamewekewa uzio wa miti. Tanuri za matofali zimepewa miezi sita zihame. Jambo hili la mwisho bado lina ubishi, na sidhani kama limekwisha.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema watu hao wasibaguliwe katika elimu na katika mambo ya jamii. Mtendaji wa kijiji aliisoma siku hiyo. Mama mwenye fimbo akauliza kama anaweza kupata nakala yake, sasa kwa kuwa anajua kusoma. Alipewa.

Darasa sasa huenda msituni kila mwezi, Jumamosi ya mbalamwezi. Gogo la tatu limeliwa na mchwa. Vijana wameahidi kuleta jingine.

Hesabu na mazungumzo

Njia ya mkokoteni ina hatua 1,600. Gogo limewekwa kila baada ya hatua 200. Kwa nini magogo ni saba, siyo manane? Chora mstari, uhesabu.

Pima kwa hatua njia ya kwenda msitu wa kijiji chenu. Je, mtu mwenye fimbo anaweza kuipita? Usijibu wewe. Mwulize yeye.

Fungueni daftari la darasa. Someni majina yote kwa sauti. Ni nani ambaye hajafika msituni, na saa gani ingemfaa?